Deni la Kalamu: Maisha ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere

Kila mwaka ifikapo tarehe 14 Oktoba watu wengi hushika njia ya Butiama kwenda kusali kwenye kaburi la Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Katika hotuba za siku hiyo husikika habari za Uhuru, za Muungano, za Azimio la Arusha na za vita vya Kagera. Hayo yote yafaa yakumbukwe. Lakini sisi leo twapenda kuangalia upande mmoja wa maisha yake ambao hausemwi sana, ingawa jina lenyewe alilopenda kuitwa latuonyesha. Mtu huyu alikuwa kwanza mwanafunzi, kisha mwalimu, na chombo alichokishika tangu utoto wake mpaka uzee wake kilikuwa kalamu. Tujiulize basi: kalamu hiyo aliipata wapi? Aliitumia kwa ajili ya nani? Na ni wapi kalamu hiyo ilipotangulia mbele, na matendo yakabaki nyuma?

Alizaliwa Butiama, katika nchi ya Wazanaki, mwaka 1922, na tarehe inayoshikwa ni 13 Aprili. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi, mwenye wake 22. Mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano. Mtoto alipewa jina la Kambarage, ambalo kwa Wazanaki ni jina la mzimu wa mvua, kwa kuwa siku aliyozaliwa ilikuwa ya mvua nyingi. Utoto wake ulifanana na ule wa watoto wengine wa nchi ile: kuchunga, kwenda shambani pamoja na mama, kula kilichopatikana. Kuwa mwana wa mtemi hakukumwondoa katika jembe, kwani katika mji wenye wake wengi kila mama hulisha watoto wake kwa jasho lake mwenyewe. Neno hili twaomba wasomaji walishike, maana tutalirudia.

Inasimuliwa kwamba aliyeifungua njia ya shule ni mtemi Makongoro wa Ikizu, nchi ambayo leo imo katika Wilaya ya Bunda. Mtemi huyo alikuwa rafiki wa Burito, na walipokutana walicheza bao. Huko alimwona kijana Kambarage jinsi alivyohesabu kete kwa haraka na jinsi alivyoona mbele kuliko waliomzidi umri, akamshauri baba yake ampeleke asome. Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, Kambarage aliacha Butiama akaenda shule ya bweni ya Mwisenge, mjini Musoma, mwendo wa kilometa 40 hivi kutoka kwao. Alifika akijua Kizanaki tu. Kiswahili, lugha ambayo baadaye aliitumia kuliunganisha taifa zima, alianza kujifunza pale kwenye dawati la Mwisenge, kama mgeni anavyojifunza lugha ya ugenini.

Miongoni mwa walimu wa Mwisenge alikuwapo James Irenge, ambaye jina lake lingali latajwa Musoma. Kazi ya mwalimu wa madarasa ya chini haina sifa kubwa machoni pa watu. Hushika mkono wa mtoto ambao umezoea fimbo ya kuchungia, akaufundisha kuchora herufi moja, kisha nyingine, mpaka mtoto aweze kuandika jina lake na jina la baba yake. Lakini Mwalimu Irenge anakumbukwa kwa jambo zaidi ya hilo. Anakumbukwa kuwa nje ya masomo yaliyoagizwa na serikali aliwafumbua macho wanafunzi wake waone kwamba watu wao wanatawaliwa na wageni, na kwamba hali hiyo haikuwako tangu mwanzo wala si lazima iwe ya milele. Aliwapa herufi, na pamoja na herufi akawapa sababu ya kuandika. Ni vitu viwili hivi ambavyo twaamini mwalimu wa kweli havitenganishi. Herufi bila sababu hufanya makarani. Sababu bila herufi hufanya manung'uniko yasiyofika popote.

Kambarage alimaliza kwa miaka mitatu masomo yaliyopangiwa miaka minne, akafaulu vizuri sana katika mtihani, na mwaka 1937 akaingia shule ya serikali ya Tabora. Huko alikaa mpaka mwaka 1942. Mwaka huo huo baba yake alifariki. Kijana aliyekuwa ameanza kusikiliza mafundisho ya dini tangu siku za Mwisenge sasa aliomba ubatizo, akabatizwa katika misioni ya Nyegina, karibu na Musoma, tarehe 23 Desemba 1943, akachagua jina la Julius. Wakati huo alikuwa amekwisha kuingia Chuo cha Makerere, nchini Uganda, kusomea ualimu.

Hapa ndipo twamwona kwa mara ya kwanza akiitumia kalamu yake kwa ajili ya haki. Alipokuwa Makerere aliandika insha akaishindanisha katika mashindano ya uandishi ya Afrika ya Mashariki, akapata tuzo ya kwanza. Wasomaji wetu wataka kujua kijana wa miaka 22, mwana wa mtemi, aliandika juu ya nini? Hakuandika juu ya utukufu wa ukoo wake, wala juu ya elimu aliyoipata. Aliandika juu ya uhuru wa wanawake. Alikuwa amemsoma mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill, aliyetetea haki za wanawake katika karne ya 19, akayachukua mawazo hayo akayapima kwa maisha ya wanawake wa Kizanaki. Mtu mwingine angaliweza kuandika insha ya namna hiyo kwa kunakili kitabu. Yeye hakuwa na haja ya kunakili. Alikuwa amekua katika mji wa wake 22, akijua kwa macho yake ni nani aamkaye kabla ya jogoo, ni nani alimaye, ni nani achotaye maji, na ni nani asiyeulizwa neno wakati wa kukata shauri. Kitabu cha Mwingereza kilimpa hoja. Mama yake alikuwa amekwisha kumpa ushahidi.

Twasema basi kwamba insha hiyo ni ufunguo wa maisha yake yote. Mgaya hakupata kusoma shule. Mwanawe aliyesoma hakuifanya kalamu kuwa ngazi ya kumpandisha yeye peke yake, akamwacha mama chini. Aliiona kuwa ni deni. Mtu aliyefundishwa kuandika, katika nchi ambayo wengi hawajui, amekopeshwa na wale ambao hawakupata nafasi, na deni hilo hulipwa kwa kuwaandikia, kuwasemea, na hatimaye kuwafundisha nao waandike wenyewe.

Mwaka 1945 alitoka Makerere akiwa na cheti cha ualimu. Shule ya serikali ilimtaka, na kazi ya serikali ilikuwa na faida zake, ikiwemo pensheni ya uzeeni. Lakini Padre Richard Walsh, wa Shirika la Mapadre Weupe, alimwita afundishe katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, naye akachagua kwenda huko. Alifundisha historia na elimu ya viumbe kuanzia mwaka 1946, na jioni aliwafundisha Kiingereza watu wa mjini bila malipo. Ni Padre Walsh huyo pia aliyemtia moyo aendelee na masomo, na mwaka 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, alikopata shahada ya M.A. mwaka 1952, akiwa miongoni mwa Watanganyika wa kwanza kabisa kupata shahada katika vyuo vikuu vya Uingereza. Akiwa huko aliandika makala kuhusu uhusiano wa rangi katika Afrika ya Mashariki, akipinga mpango wa kuwapa watu wachache haki kubwa kuliko wengi kwa sababu ya rangi yao.

Aliporudi alikuja kwanza nyumbani. Watu wa Butiama walimwona msomi wa Ulaya akikanyaga udongo na kujenga nyumba kwa mikono yake mwenyewe, jambo ambalo halikutazamiwa kwa mtu wa daraja lake. Tarehe 24 Januari 1953 alifunga ndoa na Maria Gabriel Magige, naye mwalimu, mjini Musoma. Kisha akaenda kufundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, iliyokuwa chini ya Mapadre wa Roho Mtakatifu. Mwaka 1953 alichaguliwa kuwa rais wa chama cha Waafrika, TAA, na tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kikageuzwa kuwa TANU. Siku za mapumziko alikwenda Dar es Salaam kwa kazi ya chama, mara nyingi kwa miguu, na Jumatatu alikuwa tena mbele ya wanafunzi wake na chaki mkononi.

Mambo mawili hayo hayakuweza kwenda pamoja kwa muda mrefu. Mwezi wa Machi 1955 alisema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York, akieleza kwamba Tanganyika ni nchi ya watu wake na kwamba lazima siku moja itawaliwe nao. Aliporudi alitakiwa kuchagua kati ya ualimu na siasa. Tusilione jambo hili kuwa dogo. Alikuwa na mke na familia changa. Mshahara wa mwalimu ulikuwa ndio chakula chao; TANU haikuwa na kitu. Tena ualimu ndiyo kazi aliyoipenda, na mpaka kufa kwake hakuacha kusema kwamba aliingia siasa kwa ajali, bali ualimu aliuchagua. Aliandika barua ya kujiuzulu mwezi huo huo. Akawaacha wanafunzi wa darasa moja, akawachukua wanafunzi wa nchi nzima.

Akarudi tena Mara. Na hapa twakuta jambo ambalo wengi katika majimbo yetu ya Musoma na Bunda hawalijui. Mtu aliyetoka kusema mbele ya mataifa alikaa chini na Padre Arthur Wille, wa Mapadre wa Maryknoll, akimfundisha Kizanaki neno kwa neno, na akasaidia kutafsiri katekisimu na masomo ya Maandiko Matakatifu katika lugha hiyo. Wale Mapadre walipata mwalimu wa lugha. Yeye alipata riziki ya familia. Lakini twaona pia maana nyingine. Alikuwa akiwaandikia watu wa mama yake, katika lugha ya mama yake, maneno ambayo mpaka wakati ule waliyasikia kwa lugha za wengine. Hakuiona kazi hiyo kuwa chini ya heshima yake.

Deni la kalamu lina hatari zake, naye alizionja. TANU ilikuwa na kijarida chake, Sauti ya TANU, ambacho Nyerere mwenyewe alikiandikia. Mwaka 1958 aliandika humo makala kuwashutumu wakuu wa wilaya wa kikoloni kwa namna walivyokitendea chama na watu. Serikali ikamshtaki kwa kosa la kashfa. Alitetewa na wakili Mwingereza D. N. Pritt, lakini mahakama ilimwona ana hatia, ikamtoza faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi 6. Faini ililipwa. Wakati huo chama kilikuwa karibu na uchaguzi wa kwanza, na watu wengi walikuwa na hasira. Neno moja la ukali kutoka kwake lingaliweza kumwaga damu. Hakulitoa. Alijua kwamba kalamu ya haki hupaswa kuwa na ujasiri wa kusema na pia kiasi katika kusema, na kwamba mwandishi anayewasha moto asioweza kuuzima hawatetei maskini, bali huwaunguza.

Tanganyika ilipata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Hazijatimia wiki saba, mwezi Januari 1962, akaacha cheo cha Waziri Mkuu ili akakijenge chama vijijini. Mwaka huo aliokuwa nje ya serikali alizunguka na kuandika. Aliandika maelezo ya Ujamaa, akisema kwamba ni tabia ya moyo wa mtu kabla haujawa mpango wa serikali. Aliandika pia kijitabu kiitwacho Tujisahihishe, kilichowataka wanachama wa TANU wakubali kukosoana, wasifikiri kwamba neno huwa la kweli kwa sababu limesemwa na mkubwa. Jina hilo ni jina la mwalimu. Kusahihisha ni kazi ya kila jioni ya mwalimu yeyote, mbele ya rundo la madaftari. Lakini yeye aliliweka neno lile katika hali ya kujisahihisha, daftari likiwa letu sisi wenyewe.

Hata alipokuwa Rais, tangu tarehe 9 Desemba 1962, hakuiweka kalamu chini. Usiku, baada ya kazi za serikali, alitafsiri mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar, ukachapishwa mwaka 1963, na tafsiri iliyosahihishwa ikatoka baadaye kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka 1969 alitoa mwingine, akauita Mabepari wa Venisi. Wako waliodhani Kiswahili ni lugha ya sokoni tu na ya kuagizia kazi. Yeye aliwaonyesha kwa vitendo kwamba chaweza kubeba fikra nzito. Na wasomaji waangalie jina la huo mchezo wa pili. Shakespeare alitaja mfanyabiashara. Mwalimu akatia neno mabepari. Hata katika kutafsiri hakusahau lile lililomsumbua, yaani fedha inapopewa nguvu juu ya mwili wa mtu.

Mwaka 1966 alijaribiwa na wanafunzi. Mwezi wa Oktoba wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana mpaka Ikulu kupinga sheria ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, ambako wangepewa sehemu tu ya mshahara wao. Alisikiliza, kisha akawafukuza zaidi ya 300 warudi makwao. Lakini hakuishia hapo. Alikubali kwamba mishahara ya wakubwa ni mikubwa mno kwa nchi maskini, na akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwalimu ambaye huwaadhibu wanafunzi na kujisahau yeye, huyo hafundishi. Miezi michache baadaye, tarehe 5 Februari 1967, Azimio la Arusha likatangazwa, likiwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, kumiliki nyumba za kupangisha, au kuwa na hisa katika makampuni. Na mwezi wa Machi mwaka huo akatoa maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Humo alilaumu shule zinazomfundisha mtoto wa mkulima kudharau jembe la wazazi wake, kana kwamba elimu ni mlango wa kuwakimbia.

Nalo deni likaanza kulipwa kwa wengi. Mwaka 1967 watu wazima wapatao 67 katika kila 100 walikuwa hawajui kusoma wala kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Chini ya miti, katika makanisa, misikiti na maghala ya vyama vya ushirika, akina mama wa umri wa Mgaya walishika kalamu kwa mara ya kwanza. Kufikia mwaka 1986 wasiojua kusoma walihesabiwa kuwa chini ya 10 katika kila 100. Baadaye juhudi zililegea na hesabu ikapanda tena. Lakini yeyote aliyemwona bibi yake akiandika jina lake katika daftari la ushirika, badala ya kutia dole gumba, ajua maana ya kazi ile. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mkulima asiyejua kusoma mizani na stakabadhi hupunjwa pamba yake mbele ya macho yake.

Tungalikoma hapa, makala yetu ingalikuwa ya sifa tupu, na Mwalimu mwenyewe hakupenda sifa tupu. Imetupasa kusema pia pale kalamu ilipotangulia na matendo yakabaki nyuma. Mwaka 1968 aliandika juu ya Uhuru na Maendeleo, akafundisha kwamba watu hawaendelezwi na mwingine bali hujiendeleza wenyewe, na kwamba vijiji vya ujamaa haviwezi kuundwa kwa kulazimisha. Ni maandishi mazuri, yaliyo wazi kama maji ya chemchemi. Lakini mwaka 1973 iliamriwa kwamba watu wote vijijini wawe wamehamia katika vijiji kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Ikaja operesheni. Mamilioni walihamishwa, wako waliohama kwa hiari, na wako waliohamishwa kwa nguvu, na mahali pengine nyumba zilibomolewa au kuchomwa ili wenyewe wasirudi. Wazee wangali wapo wanaokumbuka siku hizo. Pia sheria ya mwaka 1962 ya kuweka watu kizuizini bila kesi ilitumika katika miaka yake yote ya utawala.

Na hata kwetu sisi wa Kanisa, sheria ya elimu ya mwaka 1969 ilizichukua shule za mashirika ya dini zikawa za serikali, ikiwemo ile ya Pugu aliyofundisha na ile ya Tabora alikoitwa na Padre Walsh. Aliona kwamba si haki mtoto apate au akose nafasi ya shule kwa sababu ya dini ya wazazi wake, na twakiri kwamba hoja hiyo ilikuwa na uzito, kwani watoto wa Kiislamu walikuwa wachache mno katika shule. Wengi wa Kanisa waliumia, wengine wakaona haki imetendeka. Nasi leo twaweza kusema kwamba yote mawili yalikuwa na sababu.

Twasema nini basi? Je, makosa hayo yaifute ile kalamu? Hata kidogo. Twasema kwamba aliyeyaandika maneno yale ametuachia kipimo, na kipimo hicho humpima yeye mwenyewe kwanza. Mtu anayetaka kushutumu vijiji vya kulazimishwa hana haja ya kwenda mbali kutafuta hoja. Azitafute katika maandishi ya Mwalimu ya mwaka 1968. Hii ndiyo hatari ya kuandika ukweli, na ndiyo heshima yake pia: maneno husimama, yakamshuhudia hata mwandishi. Wanaoogopa kushuhudiwa huandika maneno ya mviringo yasiyoshika kitu. Yeye aliandika wazi, akakubali kusomwa. Na baada ya kung'atuka alisema mara kadhaa hadharani kwamba katika uongozi wake yalikuwako mazuri na mabaya, akawataka waliomfuata washike mazuri na kuacha mabaya.

Kanisa nalo alilisahihisha kwa upendo. Mwezi wa Oktoba 1970, alipoalikwa na Masista wa Maryknoll huko New York, aliwaambia kwamba Kanisa lisiposhiriki kupinga mipango inayowafanya watu kuwa maskini, watu watalihesabu pamoja na wanaowaonea. Hakusema hayo kama adui aliye nje, bali kama mtoto wa nyumbani, mtu aliyekwenda Misa kila alipoweza, akipiga magoti pamoja na wengine.

Aliacha Urais mwaka 1985 na uenyekiti wa CCM mwaka 1990, akarudi Butiama kulima. Huko, mzee aliyeanza kwa insha juu ya wanawake wa Kizanaki alirudia kazi aliyoifanya na Padre Wille, safari hii kwa Kiswahili. Alizitunga Injili na Matendo ya Mitume kwa tenzi, zikachapishwa mwaka 1996 na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho. Beti baada ya beti, mizani kwa mizani, aliipanga habari ya Yule aliyekuja kuwahubiria maskini. Tarehe 14 Oktoba 1999 alifariki London kwa maradhi ya kansa ya damu, akazikwa Butiama, si mbali na makaburi ya wazazi wake. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilifungua mchakato wa kuchunguza maisha yake, naye akaitwa Mtumishi wa Mungu. Hukumu ya jambo hilo ni ya Kanisa, nasi hatuitangulii.

Sasa twageukia walimu wetu wa Musoma, Bunda na Butiama. Leo mtoto akipewa insha, mara nyingi huambiwa aandike juu ya siku asiyoisahau au safari ya mjini, naye hukariri methali tatu za mwanzo na mbili za mwisho, akapata alama zake. Mwulizeni jambo jingine. Mwulizeni ni nani alimaye kwao, na ni nani auzaye mazao na kushika fedha. Mwulizeni kwa nini dada yake aliyekuwa wa kwanza darasani ameacha shule. Katika mkoa wetu wasichana wangali wakeketwa kwa siri, ingawa tangu mwaka 1998 sheria imekataza kumtendea hivyo msichana aliye chini ya miaka 18. Na wako wanaokimbia nyumbani mwezi wa Desemba ili kuokoa miili yao. Je, hakuna mwanafunzi awezaye kuandika juu yao, kwa Kiswahili safi, bila matusi na bila woga? Kijana wa Butiama aliandika juu ya uhuru wa wanawake miaka 80 na zaidi iliyopita. Tusikubali kwamba wajukuu zake wana haya kuliko yeye.

Na wazazi, msiogope mtoto arudipo na daftari lenye maswali. Mtemi Burito angaliweza kukataa shauri la rafiki yake wa Ikizu, mtoto akabaki na mbuzi. Nanyi vijana mnaosoma, kumbukeni kwamba dawati mlilokalia lilinunuliwa na watu ambao hawakulikalia. Pamba ya wakulima na samaki wa wavuvi wa ziwani vililipa chaki hiyo. Mkijua kuandika barua ya kuombea kazi yenu wenyewe tu, mmejifunza nusu. Jirani akipokonywa shamba kwa karatasi asiyoweza kuisoma, msomeeni. Mjane asipojua aanzie ofisi gani, mwandikieni. Deni la kalamu hulipwa kidogo kidogo, kwa watu wa karibu, na mwenye kulilipa hafilisiki.

Mungu amrehemu Mwalimu Julius Kambarage, amlipe mema kwa mema yake na kumsamehe mapungufu yake. Awarehemu pia walimu wote wa herufi, waliojulikana na wasiojulikana, walioshika mikono ya watoto wetu.